Difyuza ya flashi nimenunua, nyuso bado zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nakosea wapi?

#1 Kijana wa Mji Kasoro Bahari
Wakuu, heshima kwenu.
Napiga picha za sherehe hapa Morogoro, huu mwaka wa pili. Jumamosi iliyopita nilikuwa na sendofu kwenye ukumbi wenye dari refu, vitambaa vya zambarau na dhahabu kila mahali, na taa za mapambo tu. Flashi ilikuwa juu ya kamera, kichwa kinatazama mbele, nimekivalisha difyuza, kile kikombe cheupe cha plastiki. Muuzaji aliniambia kinalainisha mwanga. Mipangilio: tundu la lenzi f/4, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/200 ya sekunde, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 400, flashi kwenye TTL, yaani kamera inaamua yenyewe nguvu ya flashi.

Matokeo: paji la uso, pua na mashavu vinang'aa vibaya. Nyuma giza tupu, mapambo waliyolipia hayaonekani. Watu waliosimama karibu na ukuta wana kivuli kikali pembeni mwa shingo. Mama wa binti alizitazama kwenye simu akasema, "Mwanangu, mbona tunaonekana kama tumetoka jikoni kukaanga maandazi?" Neno lile linaniuma mpaka leo, maana yule mama alikuwa amependeza kweli.

Tatizo ni difyuza feki, flashi, au mimi? Nawasilisha.

#2 Mtulivu_88
Na mimi yananikuta hayohayo. Nakaa hapa nisubiri wataalamu.

#3 Fundi Mwanga
Difyuza yako si feki, ila inafanya kazi tofauti na uliyoambiwa.

Mwanga haulainiki kwa sababu umepita kwenye kitu cheupe. Unalainika pale chanzo chake kinapokuwa kikubwa ukitazama kutokea usoni kwa anayepigwa picha. Kile kikombe ni kikubwa kuliko kichwa cha flashi kwa kiasi gani? Vidole viwili hivi. Mtu aliyesimama mita tatu kutoka kwako bado anaona kitone kidogo cha mwanga. Kitone kidogo kinatoa kivuli chenye ukingo mkali, na kinaacha doa dogo jeupe usoni.

Ndiyo maana jua la saa saba mchana linakata kama wembe ingawa lenyewe ni kubwa kuliko dunia. Liko mbali mno, kwa hiyo kwetu ni kidogo. Likitanda wingu, anga lote linakuwa taa na kivuli kinapotea.

Geuza kichwa cha flashi kitazame dari au ukuta mweupe. Hapo chanzo kinakuwa lile eneo la dari lililopigwa, pana kama mkeka wa watu sita.

#4 Mama Poda
Samahani kaka zangu, lakini mnamtupia lawama flashi peke yake. Mimi napamba maharusi mwaka wa tisa. Ukumbi una watu mia tatu, feni mbili, bi harusi amecheza nyimbo nne mfululizo. Ule ni jasho na mafuta! Hata ulete taa ya aina gani, uso uliolowa utang'aa.

Kabla ya kupiga picha za meza kuu, niite nimguse kwa karatasi ya kufyonza mafuta kisha poda kidogo. Dakika mbili tu. Wapiga picha hamtuambii, mnakuja kulalamika baadaye.

Jambo jingine: kuna poda zile nyeupe laini za silika, na fandesheni zenye kinga ya jua ya zinki au titani. Kwa macho uso uko sawa kabisa, flashi ikipiga unageuka mweupe kama umemwagiwa unga, shingo imebaki na rangi yake. Hilo ni tatizo tofauti na la mleta mada, na difyuza haiwezi kuliondoa lote.

#5 Kamera Mbili
Fundi Mwanga (#3), napingana na wewe. Mimi natumia kikombe hichohicho na picha zangu za vikao vya familia zinatoka laini kabisa. Kama ukubwa wake hausaidii, ulaini unatoka wapi?

#6 Fundi Mwanga
Kamera Mbili, unapigia wapi? Sebuleni, naamini. Singibodi nyeupe, kuta za krimu, chumba cha mita nne kwa nne. Kikombe kinatawanya mwanga kila upande, unagonga dari na kuta, unarudi kwa mtu kutoka pande zote. Sebule yako ndiyo inayofanya kazi ya difyuza. Kikombe kinarusha tu.

Toka nacho uwanjani usiku, mahali pasipo na ukuta. Utapata kivuli kilekile cha flashi tupu, na betri umeila bure, maana ile plastiki inakula stopu moja na ushee (stopu moja ni nusu ya mwanga).

#7 Kamera Mbili
Sebuleni kweli. Umejuaje kuhusu krimu?

#8 Fundi Mwanga
Nyumba za Waswahili naingia sana, ndugu yangu.

#9 Otieno wa Hema
Salamu kutoka Kisumu. Sisi huku sherehe nyingi ni za hemani, hakuna dari. Lakini hema jeupe mchana ni difyuza ya bure, kubwa ajabu. Jua linapita kwenye kitambaa, watu wote ndani wanapata mwanga mtamu, flashi naitumia kidogo tu kuondoa kivuli cha machoni. Shida ni zile hema za mistari ya buluu na nyeupe, au nyekundu. Hapo kila mgeni anatoka na shavu la buluu. Mimi siku hizi nikipigiwa simu na mteja, swali la kwanza ni hema ni la rangi gani, bei tunaongea baadaye.

#10 Mzee wa Negativu
Vijana, nawasoma. Nimepiga picha tangu siku za filamu, na naona hamjagusa TTL.

Kwenye TTL flashi inatoa mwako mdogo kwanza, kamera inapima uliorudi, kisha inaamua nguvu ya mwako halisi. Kamera haijui kama inatazama suti au uso. Inachotaka ni picha iwe na wastani wa kijivu. Sasa wajomba wamejipanga na suti nyeusi, nyuma giza. Kamera inaona weusi mwingi, inaongeza nguvu, nyuso zinaungua. Ukimpiga bi harusi wa gauni jeupe amejaa fremu nzima, inafanya kinyume: inapunguza, gauni linakuwa kijivu na uso wake unazama.

Kwa hiyo sehemu ya huo mng'ao ni flashi kuzidi tu. Shusha fidia ya flashi (ile ya kuiambia TTL ipunguze au iongeze) iwe -1, au hamia manyuali kabisa, upange nguvu mwenyewe. Sisi tulikuwa tunagawa namba ya flashi (ile GN, kipimo cha nguvu yake) kwa umbali kichwani tukapata apacha, yaani tundu la lenzi. Flashi ya namba 32 kwa ISO 100, mtu yuko mita 4, unafunga f/8, unapiga. Hakuna aliyetuonyesha picha kwenye kioo nyuma ya kamera.

#11 Kijana wa Mji Kasoro Bahari
Shikamoo mzee. Asanteni wote. Suti nyeusi zilikuwepo nyingi kweli, upande wa bwana wote walivaa sare.

Swali: kwa nini nyuma kunakuwa giza hivyo? Flashi yangu imeandikwa GN 60, niliambiwa ina nguvu sana.

#12 Simba wa Data
Hiyo 60 wameipima lenzi ya ndani ya flashi ikiwa imebanwa hadi 200mm, mwanga ukiwa mwembamba. Ukiifungua itandaze mwanga kwa lenzi ya 24-70mm namba inashuka sana, na kikombe kinapunguza tena. Na umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki nusu. Bi harusi yuko mita 2, mapambo yako mita 8, kwa hiyo mapambo yanapata robo.

#13 Fundi Mwanga
Marekebisho kwa #12. Ukizidisha umbali mara mbili mwanga unabaki robo, siyo nusu. Kutoka mita 2 hadi 8 ni mara nne, kwa hiyo mapambo yanapata moja ya kumi na sita. Hizo ni stopu nne. Giza lote la mleta mada limekaa humo.

#14 Simba wa Data
Nimekubali, nilipitiwa. Mraba wa umbali.

#15 Mzee wa Negativu
Na hapo ndipo shata inapoingia. Mwako wa flashi ni mfupi mno, mara nyingi chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukiwa 1/200 au 1/60, flashi usoni ni ileile. Kinachobadilika ni zile taa za ukumbini. Kijana, toka ISO 400 hadi 1600, na shata 1/200 hadi 1/100. Hizo ni stopu tatu, taa za mapambo zitaingia mara nane zaidi. TTL yenyewe itapunguza nguvu ya flashi, betri zako zitadumu mpaka keki ikatwe.

#16 Binti Kilole
Nashangaa hakuna aliyesema ukweli wenyewe. Kamera hazikutengenezwa kwa ajili ya ngozi zetu. Walizipima kwa ngozi nyeupe tangu mwanzo. Mtalaumu flashi na poda mpaka kesho.

#17 Simba wa Data
Binti Kilole, hilo lilikuwa kweli kwa filamu na maabara. Kodak walisambaza kadi za kupimia rangi, zikaitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na mitambo ya kusafishia ikarekebishwa ili ngozi yake itoke vizuri. Wengine wote walitoka walivyotoka. Lakini kihisio cha dijitali (kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera) kinahesabu mwanga tu.

#18 Binti Kilole
Kihisio kinahesabu, sawa. Ila anayeamua picha ya JPEG itokeje ni programu iliyoandikwa na watu, na huyo "wastani wa kijivu" wa mzee kule #10 nani aliuchagua?

Halafu flashi yenyewe ina historia yake. Polaroid walikuwa na mtambo wa ID-2 wa kupiga picha za vitambulisho, una kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Afrika Kusini vifaa vya kampuni hiyo vilitumika kutengeneza pasi ambazo Mwafrika alilazimishwa kutembea nazo. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid huko Massachusetts, Caroline Hunter na Ken Williams, wakaanzisha upinzani ndani ya kampuni, na 1977 kampuni ikaacha kuuza Afrika Kusini. Picha ya pasi ilipigwa ili uso wa mtu mweusi usomeke na polisi. Hakuna aliyekuwa anatafuta apendeze. Mimi nikiona uso wa mama yangu umepigwa flashi ya mbele mpaka umepauka, naikumbuka picha ya pasi.

#19 Otieno wa Hema
Hii nilikuwa siijui. Shukrani dada.

#20 Fundi Mwanga
Nami nashukuru kwa #18. Niongeze moja kuhusu ngozi, maana hapa watu wengi wanakosea.

Mng'ao unatoka juu ya ngozi, kwenye mafuta na unyevu, na huo ni karibu sawa kwa watu wote, kama asilimia 4 au 5 ya mwanga unaofika. Rangi inatoka ndani zaidi, pale mwanga unapoingia na kurudi. Ngozi nyeusi inarudisha kidogo kutoka ndani, kwa hiyo ule mng'ao wa juu unaonekana kwa nguvu zaidi kuliko kwa mzungu. Doa ni lilelile, kinachotofautiana ni kilichopo pembeni yake.

Maana yake ni kwamba mng'ao ndio unaochora uso mweusi. Ukiuondoa wote kwa poda, uso unakuwa bapa kama karatasi. Unachotakiwa ni kuutandaza. Taa kubwa, iliyo karibu, kutoka pembeni: doa linakuwa mteremko mpana kuanzia kwenye paji hadi taya, na ngozi inaonekana na uhai.

Mleta mada, nenda sokoni kanunue biringanya, ile nyeusi inayong'aa. Ipige kwa flashi tupu, kisha na kikombe, kisha dari, kisha mwavuli mweupe wa flashi. Tazama lile doa jeupe juu yake. Utaelewa kuliko maneno yangu yote.

#21 Mama Poda
"Ukiuondoa wote kwa poda uso unakuwa bapa." Fundi, nani kasema nauondoa wote? Napunguza pale kwenye pua na paji tu. Mashavu nayaachia.

#22 Fundi Mwanga
Basi tunasema kitu kimoja, Mama Poda. Ningependa kufanya kazi na wewe.

#23 Bint Forodhani
Asalaam aleykum. Mie napiga harusi za wanawake tu hapa Unguja, ukumbini haingii mwanamme. Naomba kuutetea mwanga mkali, maana mmeushambulia sana.

Bi harusi wetu amevaa dhahabu shingoni, mikononi, kichwani, na hina mpaka kwenye viwiko. Ukimwekea softiboksi kubwa (sanduku la kitambaa cheupe la kulainisha taa), dhahabu inakuwa kama shaba iliyochoka. Vito vinataka chanzo kidogo ili vimetemete. Mie uso naupa mwavuli wa sentimita 100 kwa upande, halafu flashi ndogo tupu, nguvu 1/32, kutoka nyuma juu ya bega, kwa ajili ya dhahabu na ukingo wa mtandio. Laini mbele, kali nyuma.

Na mpiga picha Malick Sidibé kule Bamako, Mali, vijana wake wakicheza dansi miaka ya sitini aliwapiga flashi ya kamera moja kwa moja, na picha zile zimezunguka dunia nzima. Kwa hivyo ukali wenyewe hauna dhambi.

#24 Kamera Mbili
Lakini Sidibé alipiga nyeusi na nyeupe. Jasho kwenye picha ya rangi na jasho kwenye nyeusi na nyeupe ni mambo mawili.

#25 Bint Forodhani
Na vijana wale walikuwa wanataka waonekane wanatoka jasho, wamecheza! Mama wa bi harusi hataki. Hapo nakubali.

#26 Pasipoti Chapchap
Mimi nina studio ya pasipoti, sina harusi. Taa mbili na miavuli, kushoto na kulia nyuzi 45, basi. Kinachonisumbua ni wenye miwani. Mwavuli mkubwa ndio unaonekana zaidi kwenye kioo. Nikitumia taa ndogo naukwepa mng'ao wa kioo, nikilainisha unarudi. Hapo mnasemaje?

#27 Mzee wa Negativu
Inua taa juu zaidi, mwambie mteja ashushe kidevu kidogo na mikono ya miwani ainyanyue kidogo juu ya masikio. Mwanga unagonga kioo na kuondoka kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Uelekeze chini, usirudi kwenye lenzi.

#28 Kijana wa Mji Kasoro Bahari
Wakuu, nimerudi. Biringanya ilinunuliwa. Nimepigia sebuleni kwa dada yangu, umbali mita mbili.

Flashi tupu: doa dogo jeupe, kali. Kikombe: doa lipo vilevile, limekua kidogo tu, ila kivuli mezani kimefifia kwa sababu ya dari (Kamera Mbili, hapa umenisaidia kuelewa). Kugonga dari: lile doa kali halipo, juu ya biringanya kuna utando mpana wa mwanga. Mwavuli wa kuazima, nusu mita kutoka kwenye biringanya: nimeona umbo zima la mwavuli limekaa juu yake, laini, hata ile rangi ya zambarau ya ngozi yake imetokea. Nilikaa nikaitazama muda mrefu. Mwaka mzima nimekuwa nikiwapiga watu kwa lile doa la kwanza.

#29 Mtulivu_88
Biringanya iliishia wapi?

#30 Kijana wa Mji Kasoro Bahari
Dada ameipika na nazi. Kesho nina kipaimara na jioni harusi, ukumbi uleule wa vitambaa vya zambarau. Naomba dua zenu.

#31 Otieno wa Hema
Kama utaweka stendi na mwavuli ukumbini, funga mfuko wa mchanga miguuni. Mimi mtoto alikimbia akapita na waya, mwavuli ukaangukia meza ya wazee. Hakuna aliyeumia, lakini moyo wangu ulisimama.

#32 Kijana wa Mji Kasoro Bahari
Mrejesho wa jana.
Kipaimara: kanisa lina kuta nyeupe, niligonga ukuta wa kushoto, ISO 1600, 1/100, f/3.5. Sijawahi kupiga picha nzuri kama zile. Mama mmoja amezitumia kwa ndugu zake wote.

Harusi: nyuma sasa kunaonekana, mapambo yote yapo. Lakini nilipogonga dari, nyuso zikawa za zambarau. Na nguvu haikutosha, flashi ikawa inapumzika sekunde tano kati ya mwako na mwako, busu la maharusi limenipita. Mwishoni nikarudisha kichwa mbele na kikombe kilekile, fidia -1. Ajabu ni kwamba zile za mwisho, Mama Poda, mng'ao ulikuwa mdogo kuliko wa sendofu. Mpambaji wa jana alikuwa anamfuta bi harusi kila mara.

#33 Mama Poda
Nilisema.

#34 Mzee wa Negativu
Au ni ile -1.

#35 Fundi Mwanga
Zambarau ni vitambaa. Ukigonga kitu cha rangi, mwanga unarudi na rangi yake. Na dari la mita sita: mwanga unapanda mita nne na nusu, unashuka tena nne na nusu, jumla tisa badala ya tatu. Mara tatu ya umbali, moja ya tisa ya mwanga, kabla ya kitambaa kumeza wake. Ukumbi ule usigonge kabisa. Mwavuli kwenye stendi, karibu na meza kuu, basi.

#36 Simba wa Data
Piga RAW (faili ghafi ya kamera), hiyo zambarau utaitoa nyumbani.

#37 Bint Forodhani
Ataitoa usoni, na gauni litakuwa kijani pale lilipopigwa na taa nyingine. Rangi mbili kwenye picha moja hazisahihishwi kwa kitufe kimoja. Avalishe flashi kichujio cha rangi ya chungwa ifanane na taa za ukumbini, halafu mizania ya rangi (inayoiambia kamera nyeupe ni ipi) aiweke karibu na kelvini 3200, kipimo cha rangi ya mwanga. Flashi peke yake iko karibu 5500, ndiyo sababu watu wanakuwa baridi na nyuma kunakuwa kama moto.

#38 Otieno wa Hema
Hiyo 3200 ni ya taa za balbu za zamani, Bint Forodhani. Kumbi nyingi siku hizi ni LED, kila moja na rangi yake, zingine DJ anazibadilisha kila sekunde.

#39 Pasipoti Chapchap
Mkitaja DJ, chungeni sana zile taa za leza. Mwanga wake ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unaweza kuchoma kihisio. Rafiki yangu alibaki na mstari kwenye kila picha.

#40 Kijana wa Mji Kasoro Bahari
Leza?! Jana zilikuwepo, na nilizipiga makusudi kwa sababu zilikuwa zinapendeza. Ngoja nikafungue picha zote nitazame. Mstari wenyewe unakuwa wa rangi gani?